Usiku wa Bamvua Ngomeni

Gari likishavuka daraja la Sabaki, Malindi hubaki nyuma pamoja na hoteli na taa zake, na barabara hushika njia ya Lamu. Mto siku ile ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, udongo wa bara ukiteremka kwenda kuichafua bahari. Mama mmoja wa makamo, kapu la maembe mapajani, aliniuliza nashukia wapi. Gongoni, nikamwambia, kisha nichukue pikipiki hadi Ngomeni. “Waenda San Marco?” Hapana mama, naenda kutazama nyota. Alinikazia macho, akacheka kwa upole.

“Kwani huko Mombasa hakuna nyota, mwanangu?”

Zipo, ila zimemezwa na taa. Kutoka kwenye roshani ya nyumba yangu, usiku ulio mwema, huonekana ishirini au thelathini, zile zenye ubishi tu. Penye giza la kweli jicho la mtu huweza kuona nyota zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Lakini giza silo lililonipeleka Ngomeni; giza ningelipata Tsavo pia. Nilifuata habari ya setilaiti moja yenye jina la Kiswahili, iliyorushwa kutoka pwani hii tarehe 12 Desemba 1970, ikaenda kuwaonyesha wanadamu kile kinachofanywa na nyota baada ya kufa. Nimesoma Kenya tangu darasa la kwanza hadi chuo, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyeitaja.

Kwa hiyo nilichagua siku yenyewe, 12 Desemba, Jamhuri, na kwa bahati mwezi ulikuwa mwandamo. Anga lingekuwa tupu.

Kutoka Gongoni pikipiki hupita kando ya mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kidogo, jua likayanywa polepole, na mwishowe kinachobaki hukokotwa na kurundikwa chungu chungu, nyeupe hadi macho yanauma. Kijana aliyenibeba aliona nimevutiwa, akapunguza mwendo. Sikumwambia nilichokuwa nikifikiria, maana kingemchosha: kwamba chumvi ni sodiamu na klorini, na kwamba sodiamu hupikwa ndani ya nyota kubwa zinapochoma kaboni, klorini nayo hupikwa baadaye kidogo zinapochoma oksijeni, karibu na siku zao za mwisho. Nyota hizo zililipuka kabla jua letu halijazaliwa. Vumbi lake likawa Dunia, likawa bahari, na sasa linajazwa kwenye magunia Gongoni.

Ngomeni yenyewe ni kijiji cha wavuvi. Ukisimama ufukweni na kutazama kaskazini-mashariki, unaiona: mitambo ya chuma iliyosimama baharini kwa miguu mirefu, kama meza zilizosahauliwa na wageni wa karamu. Wenyeji huiita yote San Marco. Aliyebuni mradi huo wa kurusha roketi kutoka baharini alikuwa mhandisi wa Italia, Luigi Broglio, na hesabu yake ilikuwa nyepesi. Dunia inajizungusha kama pia, na mtu aliyesimama kwenye ikweta hubebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi chochote. Roketi inayorushwa hapa kuelekea mashariki huanza safari na kasi hiyo mfukoni, bure. Ikianguka, itaangukia bahari. Setilaiti ya kwanza iliondoka hapa Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988, na kwa jumla zilikuwa 9.

Ile ya Desemba 1970 ilikuwa ya Wamarekani, juu ya roketi aina ya Scout. Haikuwa kubwa, ilikuwa na uzito wa kama kilo 140, mzigo wa kama gunia moja na nusu la mahindi. Mkuu wa mradi huo alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend wa NASA, na kwa kuwa siku ya kurushwa ilikutana na mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, setilaiti ikapewa jina hilo hilo. Uhuru. Kwenye vitabu ina jina jingine la herufi na tarakimu, lakini wanajimu wa dunia nzima, nao Kiswahili hawakijui, huiita Uhuru.

(Niseme hapa kwamba “mnajimu” kwetu ni neno lenye mashaka. Wengi wakilisikia hufikiria ramli na nyota ya mtu. Wazee walikuwa na neno falaki kwa elimu ya hesabu za anga, na lingefaa lirudi kazini.)

Jua lilizama saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Kufikia saa moja na nusu giza lilikuwa limekolea, na ilinibidi nifanye haraka, kwani kitu nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa kinazama. Kaskazini-magharibi, juu kidogo ya minazi, kulikuwa na nyota za kundi liitwalo Cygnus, yaani bata maji, likiteremka kichwa chini. Nikaelekeza darubini yangu ya macho mawili shingoni mwa ndege huyo. Nyota ndogo nyingi zilijaa kwenye kioo kama unga uliomwagika, na mojawapo, sithubutu kuapa ipi, ilikuwa ile ya buluu inayozunguka na mwenzake asiyeonekana. Huyo asiyeonekana huitwa Cygnus X-1. Yuko mbali miaka ya nuru 7,200 hivi. Ana uzito wa majua 21.

Eksirei kutoka angani haifiki ardhini; angahewa huizuia, na ni heri yetu. Kabla ya Uhuru, wataalamu walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazopanda juu ya hewa na kuanguka tena baada ya dakika chache, na kwa dakika hizo ndipo Riccardo Giacconi na wenzake walipogundua mwaka 1962 kwamba kuna kitu kinawaka eksirei upande wa kundi la Nge. Ilikuwa sawa na kuchungulia ukumbi wa harusi kupitia mlango unaofungwa na upepo. Uhuru ilikaa juu kwa miaka. Ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, ikipapasa anga lote kipande kwa kipande, na kila ilipopita juu ya Ngomeni ilikuwa imeshaizunguka Dunia nzima kwa muda wa saa moja na nusu hivi.

Iliyoyakuta ndiyo yaliyobadilisha vitabu. Eksirei ya Cygnus X-1 ilikuwa ikipepesa kwa haraka isiyowezekana kwa kitu kikubwa. Wanajimu wa ardhini wakaitafuta nyota ya buluu iliyo mahali pale, wakaipata, wakaona inayumba kila siku 5.6 kama mtu anayecheza ngoma na mwenzake gizani. Paul Murdin na Louise Webster Uingereza, na Tom Bolton Kanada, kila upande peke yake, walipiga hesabu ya uzito wa huyo mwenzake. Alikuwa mzito mno kuwa kitu kingine chochote kinachojulikana. Shimo jeusi, lililokuwa hadi hapo ni hesabu za karatasi, likapata anwani.

Si wote waliokubali upesi. Mwaka 1974 Stephen Hawking aliweka dau na Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi (dau la kubahatisha, si la kuvulia), na atakayeshinda alipiwe jarida. Hawking alikiri kushindwa mwaka 1990. Giacconi alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Ngomeni hawakupewa kitu, wala sidhani walikuwa wakitarajia.

Nilikuwa bado nimeinua shingo niliposikia mtu akikohoa nyuma yangu, kile kikohozi cha kubisha hodi penye hakuna mlango. Alikuwa mzee mwenye kikoi na tochi iliyofungwa kwa mpira.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Watafuta nini huko juu, hata mwezi haupo?”

Nikamwambia. Akaketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akazima tochi bila kuambiwa, jambo ambalo wageni wenye simu hawalijui. Alikuwa amevua tangu utotoni na roketi za San Marco alizikumbuka kwa kishindo na mkia wa moshi. Jina la Uhuru hakulisikia kamwe. Lakini aliponyoosha mkono kaskazini-mashariki, juu kabisa ya ile mitambo ya chuma, hakuhitaji mwalimu.

“Kile Kilimia.”

Kilikuwa pale, kishada cha nyota sita au saba kilichobanana kama vifaranga. Jina lake linatoka kwenye kulima, na babu zetu walikitumia kama kalenda: Mei hupotea pamoja na jua katikati ya masika, kisha hujitokeza tena alfajiri mvua zikiwa zimepungua. Mzee alilijua hilo kwa mdomo wa baba yake. Nilichoongeza mimi ni kwamba nyota zile ni ndugu wa tumbo moja, zilizotoka kwenye wingu moja la gesi, na umri wao ni kama miaka milioni 100. Wachanga. Dinosaria walikuwa tayari wamekwisha kutawala Dunia muda mrefu zilipowaka.

“Nyota nazo huzaliwa?”

Mashariki, zile tatu za mstari za Orion zilikuwa zimeshachomoza kutoka baharini. Kwetu hapa, karibu na ikweta, nyota hazipandi kwa mshazari. Huinuka wima kama ndoo kisimani. Nikampa darubini, nikamwelekeza upande wa kulia wa zile tatu, penye nyota nyingine zilizopangana kama jambia lililoning'inizwa kiunoni. Ya kati haikuwa nyota. Ilikuwa ukungu. Mzee aliitazama kwa muda, akaitoa darubini, akaitazama kwa macho matupu, akairudisha. Ule ukungu ni wingu la gesi na vumbi lililo mbali miaka ya nuru 1,300 na kitu, na ndani yake nyota zinazaliwa wakati huu: gesi inajivuta kwa uzito wake mwenyewe, inabanana, inapata joto, hadi kitovuni joto linafika mamilioni ya digrii na viini vya haidrojeni vinaanza kuungana kuwa heli. Hapo taa imewashwa. Jua letu hufanya kazi hiyo hiyo, na kila sekunde hugeuza kama tani milioni 4 za mwili wake kuwa nuru.

“Na ikiisha?”

Hapa ndipo karabai ilipokuja kunisaidia. Mtu akifikiri nyota kubwa huishi zaidi kwa kuwa ina mafuta mengi, amekosea, na mvuvi wa dagaa hahitaji kuelezwa mara mbili: karabai ikipigwa pampu sana humaliza mafuta kabla ya usiku wa manane, na koroboi ya nyumbani hukesha. Jua ni koroboi. Limewaka miaka bilioni 4.6 na lina karibu mingine 5 ya kuwaka. Ile nyota nyekundu kushoto kwa zile tatu, Betelgeuse, ni karabai. Ina umri wa miaka milioni 10 hivi tu na tayari inakufa. Imevimba kiasi kwamba ingewekwa mahali pa jua, Dunia ingekuwa ndani yake. Mwishoni mwa 2019 ilififia ghafla, watu wakadhani inalipuka. Kumbe ilikuwa imekohoa vumbi likaifunika, na kufikia katikati ya 2020 ilikuwa imerudi.

Mzee aliniuliza kama ikilipuka tutaungua. Hapana, nikamwambia, iko mbali, ila itaonekana mchana. Akaonekana kuridhika, labda na kusikitika kidogo kwamba hatakuwepo.

Sirius ilikuwa imepanda kufikia wakati huo, nyeupe, ikimetameta kwa rangi zote juu ya maji, mwanga wake ukiacha njia nyembamba baharini. Ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote za usiku na ni jirani, miaka ya nuru 8.6. Ina mwenzake, maiti ya nyota iliyokuwa kubwa kuliko yeye. Alvan Graham Clark wa Marekani aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1862 akijaribu lenzi mpya: kibete cheupe, uzito wa jua umeshindiliwa kwenye kitu kisichozidi ukubwa wa Dunia. Hivyo ndivyo jua letu litakavyomalizikia. Halitalipuka. Litavimba, litavua ngozi yake ya gesi, na kubakiza kaa.

Kulia kwa Sirius, chini, upande wa kusini-mashariki, ilikuwepo nyingine ya pili kwa mwanga.

“Suheli,” akasema mzee, kama anayetaja jirani.

Kwenye dira ya mabaharia wetu suheli ndiyo kusini, na jaa, au jahi, ndiyo kaskazini, kwa jina la nyota ya ncha. Neno lilitoka Arabuni pamoja na mashua. Nahodha aliyetoka hapa na upepo wa kusi alikuwa haioni jahi kabisa, kwa sababu Malindi iko digrii 3 kusini ya ikweta na nyota hiyo iko chini ya upeo. Alipovuka ikweta iliinuka mbele yake, kila siku juu kidogo. Aliipima kwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, uzi ukiumwa kwa meno na kibao kikishikwa mbele ya jicho. Kila bandari ilikuwa na fundo lake. Rubani aliyemchukua Vasco da Gama hapa Malindi mwaka 1498 na kumvusha hadi Calicut alitoka katika ustadi huo. Nguzo iliyosimama mjini ni ya abiria, si ya rubani.

Kufikia saa nne maji yalikuwa yamekupwa mbali, bamvua halisi, mchanga na mwani vikinuka, na vijana wawili wakapita na tochi wakitafuta pweza. Mzee akaenda kulala. Mimi nikabaki na mbu.

Usiku wa manane wingu jeupe dogo lilikuwa limesimama kusini, halisogei na upepo. Ni galaksi, Wingu Kubwa la Magellan, na ndani yake tarehe 23 Februari 1987 ilionekana supanova, ya karibu kuliko zote zilizoonekana tangu darubini ibuniwe. Nuru yake ilikuwa imesafiri miaka 168,000 hivi. Saa chache kabla ya nuru kufika, pipa kubwa la maji lililofukiwa mgodini Kamioka, Japani, lilikuwa limenasa neutrino 11, chembe zilizochomoka kitovu cha nyota kilipoporomoka. Mvuvi aliyekuwa baharini siku zile aliona nyota moja zaidi kusini, kama alikuwa akihesabu.

Vimondo vilianza kuzidi baada ya saa saba, vikichomoka upande wa kundi la Mapacha. Ni punje za mchanga zilizoachwa njiani na asteroidi Phaethon, ambazo Dunia hupita katikati yake kila Desemba. Nilihesabu 40 nikaacha. Upande huo huo wa Mapacha ndipo setilaiti nyingine ya Ngomeni, iliyorushwa Novemba 1972, ilipokuta chanzo cha miale ya gama ambacho hakikuonekana kwa darubini yoyote, hadi Mwitalia mmoja akakiita Geminga, ambalo kwa lahaja ya Milano ni kama kusema “hakipo”. Kipo. Ni nyota ya nyutroni.

Mzee alirudi saa kumi na nusu alfajiri, na bahari ilikuwa imerudi naye, imejaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Msalaba wa Kusini ulikuwa umesimama juu ya maji. Kando yake, mahali ambapo macho hayaoni kitu, nikamwonyesha ilipo Centaurus X-3. Uhuru ndiyo iliyoishika mapigo: mpigo mmoja kila sekunde 4.8, kama mgonjwa mwenye moyo wa kuvuta, na kila siku 2.1 mapigo yanapotea kwa saa kadhaa. Inajificha nyuma ya mwenzake. Nayo ni nyota ya nyutroni, yaani kitovu cha nyota iliyolipuka, nzito kuliko jua, upana wake kama kilomita 20. Ungeiweka kati ya Mtwapa na Kilifi na nafasi ikabaki. Inamnyonya mwenzake gesi, na gesi hiyo inapoangukia juu yake hupata joto la mamilioni ya digrii na kuwaka eksirei.

Alikuwa akifunga tanga akisikiliza nusu nusu.

“Ilizikuta ngapi, hizo zilizokufa?”

Orodha ya nne na ya mwisho, ile ya 1978, ina vitu 339, si vyote nyota, nikamwambia. Na kila kimoja kina jina linaloanza na 4U. Cygnus X-1 ni 4U 1956+35. Ile U ni Uhuru. Mpaka leo, mtaalamu wa Japani au Chile akiandika habari ya nyota hizo, huandika herufi hiyo.

Akaacha kamba. “Na yenyewe iko wapi sasa, hiyo Uhuru?”

“Betri zilichoka mwaka 1973. Ikazunguka kimya, ikishuka kidogo kidogo, hadi 1979 ikaingia kwenye hewa ikaungua.”

“Basi nayo ilikuwa kimondo,” akasema, kisha akanielekeza kwa kidevu niende upande wa pili wa ngalawa, nishike ule mrengu, tusukume kabla maji hayajaanza kutoka.